Sura ya Sita: Mwayo wa Dadi Bhagwanti

Mwaka huo wa 2007, katika Nakuru nzima, hapakuwa na pigo lililomwogopesha Mwaura kuliko mwayo wa Mjomba.

Mjomba hakuwa mtu. Alikuwa zimwi nene la rangi ya kijani, lenye mikono mirefu na macho ya mzee aliyetoka kushiba kwenye harusi. Aliishi ndani ya gemu ya Ankita, kidude cha kushika mkononi ambacho shangazi yake alimtumia kutoka Leicester, ng'ambo. Wenye mchezo huo hukusanya mazimwi, huyafunza kwa subira, kisha huyapiganisha. Mazimwi ya watu wengine yalitema moto na kuita radi. La Ankita lilipiga mwayo.

Usiudharau mwayo huo. Zimwi lililopigiwa halilali papo hapo. Linasinzia tu, kama mwanafunzi katika ibada ya Jumapili. Linapewa zamu moja. Mwenyewe akiwa na akili, huliondoa uwanjani katika zamu hiyo na kuleta lingine lenye macho makavu. Akikaidi, zamu inaisha, zimwi linalala fofofo, na Mjomba anakuja kulikalia.

Mwaura, ambaye zimwi lake lilikuwa na umbo la mjusi, alikaidi kila siku.

"Muondoe huyo mjusi wako," Ankita alikuwa akimwambia. "Amesinzia."

"Simuondoi."

"Atalala."

"Bado nina zamu moja. Nitapiga."

"Na ukikosa?"

"Nikikosa, atalala uwanjani mbele ya watu. Hatalala mfukoni kama mwoga."

Na mjusi alilala. Tangu mwezi wa nne walikuwa wamepigana mara tisini na kitu, na Mwaura alikuwa ameshinda mara nne, moja kati ya hizo kwa sababu betri za Ankita zilikwisha. Lakini moyo haufuati ubao wa matokeo. Kila mjusi alipolala, Ankita alimtazama mwenye mjusi akicheka kushindwa kwake kwa sauti, bila kinyongo wala visingizio, na alijua kwamba kwenye uwanja mwingine, usio na betri, ni yeye aliyekuwa amelala fofofo.

Mwaura alikuwa na miaka ishirini, mtoto wa wakulima wa Kabazi, na alikuwa fundi wa simu na redio kwenye baraza ya duka la vitambaa la Nimesh, baba yake Ankita. Ankita alikuwa na miaka kumi na tisa na alimsaidia baba yake kuuza. Wote wawili walikuwa wamemaliza kidato cha nne na sasa walingoja kuitwa chuo kikuu. Kungoja huko huchukua karibu miaka miwili, muda unaotosha kabisa kusahau kemia yote na kujifunza kupenda.

Sasa, ili watu wawili wapiganishe mazimwi yao, lazima gemu mbili ziunganishwe kwa waya. Gemu ya pili ilikuwa ya Sachin, kaka yake Ankita, ambaye aliichoka na kumpa Mwaura kwa shukrani ya simu iliyofufuliwa. Waya ulipofika kutoka Leicester ulikuwa na urefu wa mita moja. Mwezi wa nne ukakatika. Mwaura, kama fundi mwaminifu, akatoa sehemu mbovu na kuunga upya. Mwezi wa tano ukakatika tena. Wa sita vilevile. Kufikia Agosti waya ule ulikuwa umefupika kiasi kwamba hapakuwa na njia ya kucheza bila bega la mmoja kuegemea bega la mwenzake. Nimesh hakuona. Sachin hakuona. Wateja walipita na vitambaa vyao.

Dadi Bhagwanti aliona.

Dadi, nyanya yake Ankita, alizaliwa nyuma ya duka la baba yake kule Molo, na alikuwa amepima vitambaa kwa miaka hamsini. Hakuhitaji tena rula. Alijua Kigujarati cha nyumbani, Kiswahili cha dukani, na Kikuyu cha sokoni, na katika hicho cha mwisho alibishania bei ya viazi mpaka muuzaji akaomba msamaha. Jumapili moja mchana alitoka barazani na kikombe chake cha chai, akasimama nyuma ya mabega yale mawili yaliyoegemeana, akanywa funda moja.

"Mwaura."

"Ndiyo, Dadi."

"Huu waya mwezi wa nne ulikuwa mita moja."

"Ndiyo, Dadi."

"Mwezi wa sita ulikuwa nusu mita. Leo ni sentimita thelathini na mbili. Hii ni fundi gani inafupisha kitu?"

"Sehemu mbovu lazima ikatwe, Dadi. Isipokatwa, ubovu unatembea."

"Unatembea kwenda wapi? Kwa mjukuu wangu?"

Ankita alikohoa ingawa hakuwa na kitu kooni. Alingoja radi. Angependelea radi. Badala yake Dadi alitabasamu, na Ankita, aliyemjua, akaacha kubonyeza.

"Wewe ni kijana mzuri, Mwaura," Dadi alisema. "Unanisalimia kila asubuhi. Unanibebea unga. Sasa sikia. Jumanne ni siku ya rakhi. Njoo juu nyumbani saa tatu asubuhi, umeoga. Ankita atakufunga uzi. Kijana mzuri kama wewe anastahili dada mzuri."

Akamaliza chai yake akaingia ndani.

Kwa asiyejua: siku ya rakhi, msichana humfunga kaka yake uzi kwenye mkono wa kulia, humlisha kitu kitamu, na kaka huapa kumlinda maisha yake yote. Asiye ndugu wa damu akifungwa uzi huo, anakuwa ndugu. Hakuna barua ya kukata rufaa. Ndoa huweza kuvunjika mbele ya hakimu. Udugu wa uzi ule hauna hakimu. Akina nyanya wengi, kabla ya Dadi, walikuwa wamekwisha kuzima moto wa mapenzi kwa sentimita ishirini za uzi mwekundu, bila kupaza sauti wala kuvunja sahani.

Dadi alikuwa amepiga mwayo. Na Ankita alikuwa amepewa zamu moja, mpaka Jumanne saa tatu.

*

"Usije," Ankita alimwambia Mwaura Jumatatu, wakati baba yake alipokwenda benki. Alikuwa amesimama mlangoni mwa duka na rula ya vitambaa mkononi, ili mpita njia aone kazi. Mwaura alikuwa ameinamia simu iliyofunguliwa kifua. "Nenda Kabazi. Sema mama yako anaumwa."

"Mama yangu haumwi. Jana amepalilia ekari nzima."

"Basi sema unaumwa wewe. Shuleni mlikuwa mnafanyaje mkitaka kukwepa mtihani?"

"Kitunguu kwapani. Joto linapanda, nesi anakuandikia kitanda." Mwaura alitikisa kichwa kwa huzuni ya mtaalamu. "Lakini nesi wetu hakuwa na pua ya nyanya yako."

"Funga mkono bendeji."

"Nina mikono miwili, Ankita."

"Funga yote miwili!"

"Na shingo? Atanifunga shingoni. Namjua." Aliweka bisibisi chini. "Tanya je? Yule binamu yako. Anifunge yeye."

"Tanya akikufunga unakuwa kaka wa Tanya. Tanya ni dada yangu. Wewe unakuwa nani?"

Mwaura alifikiri. "Ala."

"Eeh. Ala."

"Na Dadi mwenyewe akinifunga?"

"Utakuwa kaka wa nyanya yangu. Nitakuwa nakushika miguu kila asubuhi nikiomba baraka."

Walicheka mpaka mteja aliyesimama kwenye vitambaa vya pazia akageuka. Kisha kicheko kikaisha. Mwaura alimtazama. Alikuwa na macho ambayo kwa kawaida yalitangulia mzaha wake kwa sekunde moja, kama taa ya gari kabla ya kona. Sasa hapakuwa na mzaha nyuma yake.

"Utanifunga?" aliuliza.

Ankita aligeuza rula mkononi.

"Nauliza kwa sababu mimi nitakuja," Mwaura alisema. "Nisipokuja kesho, ataniita mwaka ujao. Halafu mwingine. Siwezi kukimbia mwanamke wa miaka sabini na tano kila Agosti. Na jambo la pili. Ukinifunga, sitacheza na huo uzi. Sitausema ni wa uongo, sitaukata nikifika kona. Nitakuwa kaka yako kweli. Nitakuletea zawadi kila mwaka. Siku ya harusi yako nitapanga viti na kubeba sufuria, na huyo bwana akikupigia kelele atanijibu mimi. Nitafanya yote."

"Najua," Ankita alisema. "Hiyo ndiyo shida. Ungekuwa mwongo ningekufunga bila wasiwasi."

Usiku ule Ankita alilala vizuri, jambo lililomshangaza. Alikuwa amekwisha kuamua.

*

Jumanne saa tatu kasoro dakika mbili Mwaura alipanda ngazi. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, na alikuwa ameviringa mkono wa kulia wa shati mpaka kwenye kiwiko, mkono mmoja tu, kama mtu aliyekuja kuchomwa sindano. Aliwasalimu wote kwa umri. Sachin, aliyekuwa amekaa kwenye kochi, alimpisha nafasi.

"Karibu, boss," alinong'ona. "Ukitoka hapa utaniita kaka. Utaanza kunifulia soksi."

"Kelele," Dadi alisema.

Sinia lilikuwa mezani: taa ndogo ya samli, unga mwekundu, punje za mchele, sahani ya penda, zile peremende laini za maziwa, na nyuzi mbili. Ankita, ndani ya mavazi ya kijani aliyochaguliwa na mama mdogo, alianza na Sachin. Alimweka alama nyekundu kwenye paji, akamfunga uzi, akamlisha penda. Sachin, aliyemtania dada yake miaka kumi na tisa mfululizo, alimgusa kichwa kwa upole, na kitu cha kweli kilikuwa kimefanyika.

"Sasa Mwaura," Dadi alisema.

Mwaura aliketi kitini. Alinyoosha mkono. Ankita alichukua uzi wa pili. Ulikuwa mzuri, Dadi mwenyewe aliuchagua, wenye ushanga wa dhahabu katikati. Alisimama mbele ya mkono ule kwa muda ambao baba yake alipata nafasi ya kukohoa mara mbili.

Kisha akaurudisha uzi kwenye sinia.

"Siwezi, Dadi."

"Huwezi nini? Fundo? Sachin umemfunga vizuri."

"Fundo naliweza. Siwezi kusema uongo mbele ya taa."

Nimesh aliinuka nusu. "Ankita!"

"Papa, ngoja. Tafadhali." Hakupaza sauti, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotulia, kama ya mtu anayesoma bei. "Dadi, wewe ndiye ulinifundisha huu uzi. Ulisema si pambo. Ulisema mtu hamfungi yeyote ambaye moyo wake haujamwita kaka, kwa sababu Mungu anasikiliza fundo. Moyo wangu umemwita Mwaura majina mengi. Mengine sitayasema mbele ya Sachin. Kaka halimo."

Sachin alitazama dari.

"Nikimfunga," Ankita aliendelea, "nitakuwa nimekudanganya wewe, nimemdanganya yeye, na nimelichafua fundo la Sachin pia, kwa sababu lilifungwa kwa mkono huu huu dakika tano zilizopita. Nifukuze mezani. Nipeleke Leicester kwa shangazi. Lakini usiniambie nifunge."

Taa ya samli ilipepea. Dadi hakuwa amesogea. Alimgeukia Mwaura, ambaye mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa kwa sababu hakuna aliyemwambia aushushe.

"Na wewe? Angekufunga, ungefanya nini?"

"Ningekuwa kaka yake, Dadi. Mpaka nife."

"Ungefurahi?"

"Hapana, Dadi. Lakini ningekuwa."

"Kwa hiyo ulikuja."

"Uliniita."

"Na hujaniomba kitu chochote miezi yote hii. Umekaa pale chini."

"Nilikuwa nakata waya," Mwaura alisema kwa unyenyekevu mkubwa. "Nilidhani nikifika sentimita kumi nitapata ujasiri."

Sauti ilimtoka Nimesh, na kila mtu alishangaa kugundua kwamba ilikuwa mwanzo wa kicheko. Aliigeuza kikohozi upesi. Dadi alimtazama mwanawe mpaka akaketi.

"Sikilizeni nyote," Dadi alisema. "Mimi nimekataa. Sijasema ndiyo. Mtu yeyote asitoke hapa akisema Dadi amesema ndiyo. Mwaura, wewe unakula nyama?"

"Nakula, Dadi."

"Ya mbuzi?"

"Ya mbuzi, ya kuku, wakati mwingine..."

"Inatosha! Nyumba hii haijapika hata yai. Na huyu mjukuu wangu hajui kukama ng'ombe. Mtoto wa Kabazi anaoa mtu hajui kukama? Mama yako anaitwa nani?"

"Wariara."

"Baba?"

"Peterson. Lakini mwenye neno ni mama."

"Hivyo ndivyo inatakiwa." Dadi alichukua ule uzi wa pili kutoka kwenye sinia, akaukunja mara mbili, akaufunga kwenye ncha ya sari yake alipoweka funguo. "Jumapili Sachin atanipeleka Kabazi. Nataka kuongea na huyo Wariara kwa Kikuyu. Nina hakika na yeye hataki. Tutakaa chini, watu wazima wawili, tutakataa pamoja kwa heshima."

Aliinua kidole kumzuia Nimesh aliyefungua kinywa.

"Sasa kuleni penda. Zitakauka."

Ankita alimjua nyanya yake. Upuuzi Dadi aliuondoa kwa fagio palepale ulipoanguka. Hakuwahi kuupandia gari hadi Kabazi, Jumapili, na viatu vya safari. Jambo ambalo mwanamke yule alitaka kwenda kulikataa kwa heshima, mbele ya mama yake Mwaura, lilikuwa limekwisha kuwa jambo. Tangu asubuhi hiyo lilikuwa na mahali pa kusimama.

Alibeba sahani, akampa Mwaura penda. Hakumlisha kinywani, kwani kinywani ni kwa kaka. Alimwekea kiganjani, na vidole vyake vilikaa pale sekunde moja zaidi ya ile iliyohitajika, mbele ya ukoo mzima.

"Shusha mkono sasa," alimwambia.

*

Ankita alimkuta Mwaura chini ya ngazi. Alitarajia kumkuta akicheka. Mwaura alikuwa ameegemea ukuta, na shati lake jeupe lilikuwa na rangi zaidi kuliko uso wake.

"Wewe! Juu ulikuwa simba. Nini tena?"

"Jumapili," Mwaura alisema.

"Eeh. Jumapili. Anakwenda kwenu. Huoni?"

"Naona sana. Ankita, mama hajui."

"Hajui kuhusu Dadi?"

"Hajui kuhusu wewe." Alijifuta paji. "Anajua nina rafiki Nakuru anayeitwa Anka, tunacheza gemu pamoja. Anadhani ni kijana wa duka la jirani. Anampenda sana. Zile avokado ninazoleta kila Jumatatu..."

"Ulisema ni za wateja wako!"

"Ni zako. Mama huzichagua mwenyewe. Anasema kijana anayemweka mwanawe mbali na pombe asikose kitu cha kuweka kwenye mkate."

Ankita alimtazama mtu huyu ambaye dakika ishirini zilizopita alikuwa tayari kubeba sufuria katika harusi ya mwanaume mwingine kwa ajili yake. Kicheko kilimpanda kutoka tumboni, akakiacha kitoke chote, mpaka akashika ukuta. Kisha akatoa simu yake.

"Mpigie."

"Nina siku tano."

"Dadi hatamkuta mama yako hajajiandaa. Si haki. Mpigie."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Mwaura. Mimi yangu nimeshasema, tena mbele ya taa."

Mwaura alibonyeza namba moja moja, polepole, kama anayetegua bomu. Simu iliita mara tatu. Sauti ya mwanamke ilitokea, kubwa, yenye upepo wa shambani nyuma yake, na Ankita alisikia kila neno.

"Haloo! Mwaura? Mbona namba si yako?"

"Ni mimi, mama. Mzima. Mama, ni kuhusu Anka."

"Amefanya nini huyo kijana? Mmekosana?"

Mwaura alifungua kinywa. Ankita alinyoosha mkono, akaitoa simu taratibu sikioni mwake, akaiweka kwenye lake.

"Habari ya asubuhi, mama," alisema. "Asante kwa avokado. Mimi ndiye Anka."